Springi Ndogo Iliyovunjika kwenye Mashine ya Kujazia Risasi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya mtu mwenye mashine ya mkono ya kujazia risasi upya, ambaye springi moja ndogo imekatika au imelegea na kazi imesimama. Kuibadilisha si kazi ngumu. Kinachotaka uangalifu ni mahali ilipo: nyingi ya springi hizi zinafanya kazi sentimita chache kutoka kwenye fataki, yaani kile kikopo kidogo kinachokaa kitakoni mwa ganda na kulipuka kikigongwa. Kwa sababu hiyo, utaona fataki zikitajwa mara nyingi kuliko springi zenyewe.

Nitajuaje ni springi ipi iliyovunjika?

Usianze kufungua. Endesha mpini taratibu, mashine ikiwa tupu, uangalie ni kipande gani kinachokataa kurudi mahali pake.

Kama mkono wa fataki, yaani kipande kinachoibeba fataki hadi chini ya ganda, unabaki ndani ya mpasuo wa pistoni (nguzo inayopanda na kushuka ukiendesha mpini) au unaning'inia bila nguvu, springi ya mkono ndiyo imekwisha. Kama mkono unarudi vizuri lakini fataki zinaingia kishimoni zikiwa zimeinama, au zinadondoka kabla ya kuingia, angalia springi ya kikombe. Hii ndiyo inayosahaulika zaidi kwa sababu haionekani. Kwenye mashine nyingi za kituo kimoja fataki hukaa juu ya pini iliyozungukwa na kikombe chembamba, na chini ya kikombe kuna springi inayokisukuma juu ili kingo zake ziishike fataki wima. Ganda linaposhuka, kikombe hugusana na kishika ganda na kusukumwa chini, huku pini ikibaki palepale na kuiingiza fataki. Springi ikifa, kikombe hulala chini na fataki hubaki juu ya pini bila cha kuizuia isipinduke.

Kwenye mashine zenye sahani inayozunguka, dalili ni nyingine. Sahani ikipita kituo chake au ikisimama nusu njia, ni springi iliyo chini ya gololi ya kusimamishia. Maganda yakichomoka pembeni mwa sahani, ni springi ya mduara inayoyazunguka, kama ile iliyopo kwenye mashine ya Hornady Lock-N-Load AP. Na kishika ganda kikiteleza na kutoka juu ya pistoni, ni ule waya wenye umbo la kiatu cha farasi unaokaa kwenye mfereji wa kichwa cha pistoni.

Nifanye nini kabla ya kushika bisibisi?

Toa kila kitu kinachoweza kulipuka au kuwaka. Bomba la fataki kwenye mashine za sahani kwa kawaida hubeba 100. Zirudishe zote kwenye pakiti yake halisi ya kiwandani, si kwenye chupa, maana fataki nyingi zikikaa pamoja bila kutenganishwa, moja ikilipuka huzilipua nyingine. Angalia pia ile iliyobaki kwenye kitelezi na ile iliyokaa juu ya pini. Mwaga baruti kutoka kwenye kipimo na uirudishe kwenye kopo lake, kisha fungua dai zote (vipande vya chuma vinavyofungwa juu ya mashine kutengeneza ganda na kuweka kichwa) na uziweke kando. Ondoa maganda yote kwenye sahani, likiwemo lile lenye baruti ambalo bado halijawekewa kichwa.

Futa mashine kwa kitambaa chenye unyevu, usipulize kwa upepo. Vumbi jeusi kuzunguka sehemu ya fataki lina mabaki ya kemikali zake, na katika fataki za kawaida kemikali hizo zina risasi ya madini, ambayo ni sumu. Vaa glavu nyembamba, na ukimaliza osha mikono kwa sabuni na maji baridi kabla ya kula chochote.

Miwani ya kinga haina mjadala. Springi ya milimita nne inaweza kuruka kuelekea jichoni kabla hujapepesa.

Kipande kimoja cha springi hakionekani. Naweza kuendelea?

Hapana. Hili ndilo jibu moja tusilolilegeza. Kipande cha waya mgumu kikikaa chini ya fataki wakati unaisukuma, kinafanya kazi ileile ya pini ya bunduki: nguvu yote ya mpini inaishia kwenye nukta moja. Kikikaa juu ya sahani chini ya ganda, ganda huinama na fataki huingia upande.

Panga vipande ulivyonavyo juu ya karatasi nyeupe, mivunjiko ikikutana, na uhesabu mizunguko. Ncha zote mbili za mwisho lazima ziwepo. Ukiona ncha iliyovunjika isiyo na mwenzake, kuna kipande hakijapatikana. Tafuta kwenye mpasuo wa pistoni, kwenye njia ya kushukia fataki zilizotumika, ndani ya chombo cha kuzikusanyia, na kwenye grisi ya chini ya sahani. Sumaku husaidia kwa waya wa chuma cha kawaida, lakini springi ya chuma kisichoshika kutu huvutwa kidogo tu, kwa hiyo usiamini sumaku peke yake. Tumia tochi na kijiti.

Nahitaji vifaa gani?

Seti ya alenki, panchi nyembamba ya kati ya milimita 1.5 na 2.5, nyundo ndogo, plaizi ya mdomo mrefu, kalipa (kipimio cha unene na kina), tochi, msasa namba 600, na mfuko mkubwa wa plastiki unaoonyesha ndani.

Kuhusu alenki: mashine nyingi zilizotengenezwa Marekani zina skrubu za vipimo vya inchi. Alenki ya milimita 3 huingia kwenye skrubu ya 1/8 ya inchi, ambayo ni milimita 3.175, halafu inateleza na kuimaliza pembe zake. Ya milimita 2.5 haiingii kwenye 3/32 kwa sababu ile ni milimita 2.38, na watu huilazimisha kwa nyundo. Nunua seti ya inchi. Skrubu ya mashine iliyoharibika kichwa itakusumbua kuliko springi iliyokuleta hapa.

Springi ya mkono wa fataki inabadilishwaje?

Piga picha kwanza, pande zote mbili. Kisha inua pistoni hadi mpasuo wake uwe mbele ya macho yako na ufunge mpini kwa kamba ili pistoni isishuke. Vuta mfuko wa plastiki uifunike mashine, uingize mikono ndani kupitia mdomo wake, na ufanye kazi ukiwa humo. Springi ikiruka itabaki mfukoni.

Mkono hushikwa na pini au skrubu moja. Kama ni pini yenye klipu, toa klipu kwa ncha ya bisibisi huku kidole kikiizuia kwa upande wa pili. Kama ni pini ya kupigwa, ipige kidogo kidogo na uangalie kama upande mmoja ni mnene. Zenye vinundu hutoka kwa kurudi upande zilikoingilia. Springi ama imebanwa kati ya mkono na ukuta wa mpasuo, ama imefungwa kwa kulabu mbili. Iliyobanwa ina kitundu chake cha kukalia, na kitundu hicho ndicho cha kusafisha kwa makini, kwa sababu uchafu wa milimita moja chini yake huifanya springi mpya ijibane hadi mizunguko igusane.

Springi ya kulabu usiivute kwa plaizi kwa kuuma mizunguko. Shika kulabu yenyewe, au tumia uzi mgumu uliopitishwa ndani yake, uvute, ukishaingia kwenye pini unauchomoa uzi. Alama ndogo ya meno ya plaizi kwenye waya ndiyo itakayokuwa mahali pa kukatikia safari ijayo.

Ikiwa iliyovunjika ni ya kikombe, huna haja ya kutoa mkono wote. Fungua skrubu au nati iliyo chini ya ncha ya mkono, shika kikombe kwa kidole kwa juu, na vitashuka vitatu kwa pamoja: pini, kikombe na springi. Usichanganye seti ya fataki kubwa na ndogo. Kubwa zina kipenyo cha milimita 5.33, ndogo 4.45, na vikombe vyake hufanana sana vikiwa na uchafu. Kabla ya kurudisha, telezesha kikombe juu ya pini bila springi: kinatakiwa kishuke kwa uzito wake. Kikikwama, springi mpya haitasaidia lolote.

Na springi ya gololi chini ya sahani?

Hapa watu huharibu uzi wa bolti kwa haraka yao. Bolti ya katikati ya sahani mara nyingi imezuiwa na skrubu ndogo ya pembeni. Legeza hiyo kwanza, ndipo uguse bolti. Inua sahani taratibu, kiganja kikiifunika, maana gololi ama itaruka au itanata kwenye grisi upande wa chini wa sahani na utadhani imepotea. Springi iko kwenye kitundu. Safisha kitundu kwa kijiti cha pamba, weka springi, tone dogo la grisi, gololi juu yake, kisha sahani.

Kurudisha bolti ndiko kunakoamua kama mashine itafanya kazi. Kaza hadi sahani ikatae kuzunguka, halafu irudishe nyuma kidogo kidogo hadi izunguke bila kukwama na bila kuchezacheza juu na chini. Sahani inayocheza hutoa fataki za kina tofauti kutoka kituo kilekile. Ukishapata mahali hapo, kaza skrubu ya pembeni, na ujaribu tena, kwa sababu kuikaza mara nyingine huisogeza bolti.

Springi ya mduara inayoshika maganda inakatika kila mara. Ni mbovu?

Ni ya kuchakaa, kwa hiyo kuwa nayo ya akiba ni jambo la kawaida. Lakini ikikatika upesi, tazama jinsi unavyofunga sahani. Springi hii ikibanwa kati ya sahani na sehemu ya chini, inapata mkunjo, na mkunjo hauondoki. Ilaze kwenye mfereji wake, zungusha sahani mzunguko mzima kwa mkono kabla ya kukaza bolti, na uangalie kama imeinuka popote. Angalia pia mahali ganda linapotolewa: kama kuna makali ya chuma pale, yapitishie msasa namba 600 mpaka kucha ipite bila kukwama.

Waya wa kishika ganda je?

Sukuma ncha moja kwenye mfereji, izungushie kwa kidole gumba mpaka ncha ya pili iingie. Usiupanue zaidi ya inavyohitajika kupita kichwa cha pistoni. Nunua miwili, kwa maana kazi ya kuutafuta chini ya meza huzidi thamani yake.

Siwezi kupata springi ya kiwandani. Nipime nini ili nipate inayolingana?

Vipimo vinne hubeba karibu kila kitu: unene wa waya, kipenyo cha nje, idadi ya mizunguko, na urefu ikiwa haijabanwa. Kwa springi ya kujipinda ongeza upande inakozungukia, kulia au kushoto, na pembe ya miguu yake.

Unene wa waya ndio wa kupima mara tatu. Ukakamavu wa springi hupanda kwa kipeo cha nne cha unene huo. Chukua springi ya kusukuma ya chuma cha kawaida yenye kipenyo cha nje cha milimita 4.5 na mizunguko 8 inayofanya kazi. Kwa waya wa milimita 0.6, kila milimita unayoibana inataka nguvu ya nyutoni 2.7 hivi. Ukiweka waya wa 0.5, nguvu inashuka hadi 1.2. Ukiweka wa 0.7, inapanda hadi 5.4. Tofauti ya sehemu moja ya kumi ya milimita, ambayo jicho halioni, imegawa au imeongeza nguvu mara mbili. Pima waya sehemu iliyo safi, mbali na kutu na mahali palipovunjikia.

Urefu ni wa kutiliwa shaka kidogo, kwa kuwa springi iliyofanya kazi muda mrefu hufupika. Afadhali upime kitundu: kina chake, kipenyo chake, na umbali kipande kinachosukumwa kinavyosafiri. Halafu zidisha unene wa waya kwa idadi ya mizunguko yote, pamoja na ile ya mwisho iliyolala. Kwa mfano wetu ni 0.6 mara 10, milimita 6. Hapo ndipo springi inakuwa kama chuma kitupu. Kama mkono wa fataki unahitaji kuibana springi chini ya urefu huo, springi hiyo haifai hata kama imeingia vizuri.

Chuma kisichoshika kutu hukwepa kutu, lakini kwa vipimo vilevile ni dhaifu kwa asilimia 12 hivi kuliko waya wa chuma cha kaboni. Kwa mkono wa fataki tofauti hiyo huvumilika. Kwa gololi ya sahani nzito unaweza kuihisi.

Springi ya kalamu inafaa?

Kwa kujaribu mwendo wa mashine ikiwa tupu, ndiyo, kama inaingia. Kwa kuweka fataki, hapana. Waya wake kwa kawaida ni mwembamba, na kikombe kisichorudi juu kwa nguvu yake kamili ndicho kilekile kilichokuletea matatizo.

Naweza kukata springi ndefu, au kuivuta iliyolegea?

Kukata kunawezekana, lakini elewa unachofanya: kila mzunguko unaouondoa unaifanya springi iwe kakamavu zaidi, hata kama mwanzoni inahisi laini kwa sababu imebanwa kidogo. Wapo wanaokata mzunguko mmoja wa springi ya gololi ili sahani isiruke kwa kishindo na kumwaga baruti. Inafanya kazi kwa wengine, ila ukizidisha sahani haisimami tena mahali pake. Kabla ya kufika huko, jaribu kuendesha mpini polepole na kurekebisha bolti ya sahani. Ncha uliyoikata ilainishe kwa tupa, vinginevyo itakwangua kitundu.

Kuivuta springi iliyolegea ni kupoteza muda. Itarudi kulegea baada ya muda mfupi, na sasa imechoka zaidi.

Kujisokotea mwenyewe je?

Inawezekana ukiwa na waya wa springi halisi. Waya wa kufungia au wa uzio hauna mkazo unaotakiwa. Funga fimbo ya chuma kwenye jiliwa, ikiwa nyembamba kuliko kipenyo cha ndani unachokitaka, kwa kuwa waya hufunguka ukiuachia. Anza na fimbo ya asilimia 80 hadi 85 ya kipenyo hicho na urekebishe. Ukimaliza, ipashe moto ndani ya oveni kwa nyuzijoto 230 za Selsiasi kwa nusu saa ili kutuliza mkazo wa kusokotwa. Usiishike kwenye mwali. Waya ukishakuwa mwekundu, umekuwa waya wa kawaida.

Nitahakikishaje kwamba imekaa sawa?

Kwanza bila chochote: endesha mpini mara 20 au 30, haraka na polepole, uone kila kipande kinarudi chenyewe. Kisha maganda tupu bila fataki. Ndipo fataki, maganda 10 tu, yasiyo na baruti, miwani ikiwa machoni.

Pitisha kidole kwenye kitako cha kila ganda. Fataki isionekane wala isihisiwe juu ya kitako. Iwe sawa nacho au ndani kidogo, kwa kawaida milimita 0.05 hadi 0.13. Pima kwa mkia wa kalipa. Kama zote 10 ni za juu kwa kiasi kilekile, pini haijarudishwa sawa au kuna uchafu chini yake. Kama kina kinatofautiana, rudi kwenye kikombe au kwenye bolti ya sahani. Ukihisi mpini unagoma, simama. Usiongeze nguvu kamwe juu ya fataki iliyokwama.

Niipake mafuta?

Mkono wa fataki, pini yake na kikombe vibaki vikavu. Mafuta yanayopenya ndani ya fataki huweza kuiua, na fataki iliyokufa haijulikani mpaka bunduki ikatae kufyatua. Gololi ya sahani na pistoni zinahitaji utando mwembamba wa grisi na si zaidi. Springi inayopata kutu kwa sababu ya unyevu wa chumba ifute kwa kitambaa chenye mafuta kabla ya kuifunga, halafu ikaushe.

Springi mpya imevunjika tena. Kwa nini?

Tazama mvunjiko wenyewe. Ukikatika kwenye shingo ya kulabu, springi inavutwa kupita kiasi au pini yake imeinama na kuibeba kwa upande. Ukikatika katikati na kuna mng'aro wa kukwaruzwa pembeni, inasugua ukuta wa kitundu. Vishimo vya kutu kwenye mvunjiko vinajieleza. Na ikikatika karibu na ncha iliyolala, mara nyingi inabanwa mpaka mizunguko yote igusane kila mpini unaposhuka. Ama ni ndefu mno, ama waya ni mnene mno, ama kitundu hakikusafishwa.

Sheria inaniruhusu?

Kubadilisha springi ni matengenezo ya mashine. Lakini kumiliki fataki na baruti na kujaza risasi, hata za matumizi yako, huhitaji leseni katika nchi nyingi na hukatazwa kabisa katika baadhi yake. Pata jibu la mamlaka ya silaha ya mahali ulipo kabla ya mashine yenyewe.

Risasi nilizojaza kabla sijagundua tatizo nizifanyeje?

Zitenge zote za kipindi hicho na uzikague moja moja kwa kidole na kalipa. Fataki iliyo juu ya kitako inaweza kukataa kuwaka kwa mpigo wa kwanza, na kwenye bunduki inayojipakia yenyewe inaweza kulipuka bolti inapofunga, kabla kifyatulio hakijaguswa. Usijaribu kuishindilia ndani zaidi wakati ganda lina baruti na kichwa. Risasi hiyo huvunjwa: kichwa kivutwe kwa kifaa cha kubana kinachofungwa kwenye mashine, si kile cha kugonga kama nyundo, kwa kuwa mshindo na fataki iliyochomoza havipaswi kukutana. Kama fataki imechomoza kiasi kwamba ganda haliingii kwenye kishika ganda, usililazimishe. Liweke peke yake na uwaulize mamlaka au muuzaji aliyesajiliwa namna ya kulikabidhi.